Barua ya kijiji kwa diwani na mbunge: iandikweje isiishie kwenye droo?

mtama_mweupe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa uandishi, siyo wa siasa.

Kijiji chetu kiko mkoa huu huu wa Dodoma, wilaya naiacha. Barabara inayotuunganisha na kitongoji cha ng'ambo inakatwa na korongo. Kiangazi tunapita mchangani na bodaboda bila tabu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, mvua ikinyesha huko juu tu, maji yanashuka na hapapitiki, siku nyingine kutwa nzima. Ng'ambo kuna kaya 214. Shule ya msingi na zahanati viko upande huu.

Serikali ya kijiji imenipa kazi ya kuandika barua kwa diwani na mbunge, eti kwa sababu nina laptopu. Huko nyuma zilishakwenda mbili na hazikujibiwa. Nakala ya moja nimeipata, inaanza hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wananchi tumechoka na tunasikitika jinsi tulivyosahauliwa tangu uhuru. Tunaomba utukumbuke kwa daraja, umeme, maji ya bomba, dawa za zahanati, na vijana wetu wapewe mikopo. Ukumbuke uchaguzi upo."

Maswali yangu: ianze kwa diwani au kwa mbunge? Iwe kurasa ngapi, na saini za watu zina maana yoyote? Na tuko Novemba, je, tumeshachelewa?

Masijala

Mkuu, hiyo aya uliyonukuu inajieleza yenyewe. Ina maombi matano na kila moja lina mwenyewe. Barua ikifika ofisini, mtu wa masijala lazima aiweke kwenye jalada. Hii aiweke wapi: barabara, maji, afya, maendeleo ya jamii? Itaingia kwenye jalada la malalamiko mengineyo, na jalada hilo huwa halipelekwi kwenye meza ya yeyote. Barua moja ibebe jambo moja. Mkiwa na mambo matano, andikeni barua tano, na siyo siku moja.

Mstari wa uchaguzi utoe. Diwani anajua uchaguzi upo. Ukimtishia kwenye karatasi, ile barua haiwezi tena kuonyeshwa kwa mtu mwingine, na wewe unataka aibebe aende nayo kikaoni. Jiulize hivi kwa kila sentensi: akisimama mbele ya baraza na kuisoma kama ilivyo, itamsaidia au itamuaibisha?

Kabla hujaandika neno, tafuta jibu la swali moja: barabara hiyo ni ya nani? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, yaani za mkusanyo, mlisho na jamii, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Lakini kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau: barabara iliyochongwa na wananchi wenyewe, inapitika, ina jina, ila haimo kwenye mtandao wa barabara uliosajiliwa. Hiyo hata mhandisi akiionea huruma, hana kifungu cha kuitengea fedha. Kama yenu iko hivyo, ombi la kwanza siyo kivuko. Ni barabara kuingizwa kwenye mtandao. Nenda ofisi ya Meneja wa TARURA wa wilaya na jina la barabara, inakoanzia na inakoishia, uulize imesajiliwa kwa jina gani. Mara nyingi jina la kwenye orodha siyo mnalolitumia nyumbani. Kwenye barua tumia la kwenye orodha, na lenu liweke pembeni.

Ukizungushwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa hiyo kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ila anza kwa kuuliza kwa mdomo na kwa adabu. Kwa kawaida ni kazi ya nusu saa.

Nani kwanza: diwani. Siyo kwa heshima tu. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ndiye katibu, na mwenyekiti wenu wa kijiji ni mjumbe. Kwa hiyo mna mtu wenu ndani ya chumba. Barua ikipita hapo, inaweza kuingia kwenye taarifa ya kata ambayo diwani huiwasilisha kwenye baraza la madiwani kila robo mwaka. Sehemu ambayo barua yako inatakiwa kufika ni hapo, mstari mmoja kwenye taarifa ya kata. Ukimwandikia mbunge kwanza, swali lake la kwanza litakuwa "diwani wenu anasemaje?" Na mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilohilo, kwa hiyo atakutana na jambo lenu huko bila nyinyi kuruka ngazi.

bodaboda_nkuhungu

Barua za nini zama hizi? Mpige video siku korongo limejaa, mrushe mtandaoni, kesho yake viongozi wote wapo hapo na maji ya chupa.

Masijala

Watakuja, ni kweli. Na wataondoka na ahadi isiyo na tarehe wala kifungu. Video haina kumbukumbu namba. Siipingi, ila iwe kiambatisho. Fedha hutoka kwenye mpango, na kwenye mpango huingii kwa video.

tepu_mita30

Mimi niongelee vipimo tu, maana hapo ndipo barua nyingi za vijiji huwa maji.

Usiandike "korongo kubwa sana". Chukua kamba na tepu ya fundi, watu wanne. Vuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo kwenye mstari wa katikati ya barabara, ikaze isilegee, kisha ipime: huo ndio upana. Kamba ikiwa bado imekazwa, simamisha mti mnyoofu kutoka mchangani hadi kwenye kamba, sehemu tatu: karibu na kila ukingo na katikati. Andika vina vyote vitatu. Halafu tafuta alama ya maji: takataka na nyasi zilizonasa kwenye vichaka, au mstari wa tope kwenye shina la mti. Pima kutoka chini ya korongo hadi hapo. Kipimo hiki watu hawakipimi, na ndicho mhandisi atakachokiuliza, kwa sababu ukubwa wa kivuko hutegemea maji yanayopita na siyo ukubwa wa shimo.

Picha ziwe nne: kutoka kila upande wa barabara, moja ukitazama maji yanakotoka, moja yanakoelekea. Kila picha iwe na mtu amesimama chini ya korongo. Bila mtu, korongo la mita mbili na la mita sita yanafanana kwenye simu.

Mahali: fungua programu ya ramani kwenye simu, bonyeza na ushikilie pale kivuko kinapotakiwa, utapata namba mbili. Kwa mkoa wetu ya kwanza inaanza na alama ya kutoa, ikifuatiwa na 4, 5, 6 au 7. Ya pili inaanza na 35 au 36. Nakili zote na nukta zake. Ukisahau alama ya kutoa, kijiji chenu kinahamia Ethiopia. Ukizigeuza, mnakwenda kuangukia baharini jirani na Moroko. Siyo utani, makosa haya yapo kwenye barua.

La mwisho na la muhimu: msiombe "daraja". Ombeni "kivuko kinachopitika majira yote". Kwenye korongo moja kunaweza kufaa drifti ya zege, yaani maji yanapita juu na gari linasubiri saa chache, au kalavati za bomba za sentimita 60 au 90, au boksi kalavati, au daraja kweli. Gharama zake zinatofautiana mno. Mkiandika daraja, ofisi inakadiria daraja, bei inatisha, jambo linaahirishwa. Mkiandika kivuko, mhandisi ana nafasi ya kuchagua kinachoendana na fedha iliyopo. Na korongo la mchanga linalopanuka kila mwaka, kalavati za bomba huzibwa na mchanga na matawi, maji yakazunguka pembeni na kula barabara upya. Muachieni mwenye fani aamue. Elezeni tu kwamba kingo zinakatika, na kama mnajua kwa mwaka zinakatika kiasi gani, semeni.

mtama_mweupe

Asante sana wakuu. Hiyo ya alama ya maji sikuiwaza kabisa. Saini je? Mwenyekiti anataka tukusanye saini 500.

bi_nzuguni

Mdogo wangu, saini 500 bila muhtasari ni karatasi nyingi tu. Muhtasari wenye mahudhurio ya watu 120 una uzito kuliko hizo.

Sababu yake ni hii. Kijiji ni mamlaka, kimewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Mkutano mkuu wa kijiji ukiazimia, hilo ni azimio la mamlaka. Orodha ya saini ni kundi la watu wanaoomba. Diwani akiwa na azimio anaweza kusema "kijiji kimeamua". Akiwa na saini anasema "kuna watu wanalalamika". Ofisini maneno hayo mawili hayako sawa hata kidogo.

Kwa hiyo mwenyekiti aitishe mkutano mkuu, au asubiri ule wa robo kama uko karibu. Agenda ya korongo iandikwe kwenye tangazo kabla, isiibuliwe kwenye mengineyo, kwa sababu jambo la kwenye mengineyo ni rahisi kulipinga baadaye. Mtendaji wa kijiji aandike azimio kwa sentensi moja. Mahudhurio yawe na jina, kitongoji na saini. Namba za vitambulisho vya NIDA msiweke, hazihitajiki na zitazagaa kwenye majalada ya watu. Namba za simu tosha mbili, ya mwenyekiti na ya mtendaji.

Kama bado mnataka saini, ziwe za kaya za ng'ambo peke yake, mtu mmoja kwa kila kaya, karatasi ya kila kitongoji ijitegemee, na kichwa cha ombi kirudiwe juu ya kila ukurasa. Ukurasa wenye majina matupu hauthibitishi walisaini nini. Na kila mtu asaini mwenyewe. Mwandiko mmoja ukijirudia majina thelathini, hata yale ya kweli hayataaminiwa.

Ushahidi mzuri kuliko saini mnao bure. Rejesta ya mahudhurio ya shule. Mwombe mwalimu mkuu aangalie wanafunzi wa ng'ambo walikosa siku ngapi Januari hadi Machi, aandike kwa barua fupi yenye muhuri wa shule. Msimu huu pia muwe na daftari kwenye duka lililo karibu na korongo: tarehe, saa maji yalipofunga njia, saa yalipopungua. Mistari miwili kwa siku. Mwakani hamtaanza na "mara nyingi", mtaanza na idadi.

Na barua ikishasainiwa na kupigwa muhuri wa kijiji, chapeni nakala mbili. Zipelekeni zote kwa mkono: moja inabaki ofisini, nyingine mnarudi nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Asiwaambie mtu "iache tu hapo mezani". Ofisi ikiwa haina muhuri, aliyepokea aandike jina, cheo, tarehe na saini. Zile barua zenu mbili za zamani, mna ushahidi gani kwamba zilifika?

mtama_mweupe

Hatuna. Alipewa mtu anayekwenda mjini.

bi_nzuguni

Basi msiandike popote kwamba "tumepuuzwa mara mbili". Inawezekana kabisa hakuna aliyeziona. Hii ihesabiwe kuwa ya kwanza.

hansadi_mchana

Naongeza upande wa mbunge na wa muda, kwa sababu hivi vimefungana.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge linakaa kikao cha bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Ila mtu akisubiri Aprili ndipo aandike barua, amekuta chungu kimeshaepuliwa. Mabaraza ya madiwani hupitia mapendekezo ya bajeti, ya TARURA yakiwemo, Januari na Februari. Ili jambo lenu liwepo kwenye mapendekezo hayo, Kamati ya Maendeleo ya Kata iwe imelipitisha ndani ya Desemba. Mkutano mkuu wa kijiji basi ni wiki mbili tatu zijazo. Hamjachelewa, ila hamna wiki ya kupoteza.

Msidanganyane lakini: hakuna kivuko kitakachojengwa kabla ya mvua hizi. Kwa hiyo hapo kuna barua mbili tofauti. Moja fupi sana kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa diwani, mkiomba hatua za dharura za msimu huu: kusawazisha mashuko ya pande zote mbili na kujaza mawe na moramu. Ya pili ndiyo kubwa, kwa diwani kama mwenyekiti wa kamati ya kata, kuhusu bajeti ya mwaka ujao. Mkizichanganya, watajibu ile rahisi, waweke moramu, na jalada lifungwe kwamba ombi limetekelezwa.

Mbunge anaingia baada ya kata kuamua. Mwandikieni ukurasa mmoja, muambatishe azimio la kijiji na muhtasari wa kata, na mumwambie mnataka atumie chombo gani. Wengi huandika "tunaomba utusaidie". Atusaidie wapi? Mbunge ana njia kadhaa na hazilingani. Anaweza kuuliza swali la msingi bungeni, likajibiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Maswali ya msingi yana kikomo, kwa hiyo swali la korongo moja halipati nafasi kirahisi, lakini anaweza kuliingiza kama swali la nyongeza mwenzake anapouliza jambo linalofanana. Jibu la Naibu Waziri linabaki kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na tarehe yake, na barua yenu inayofuata mnaianza kwa kunukuu jibu hilo. Anaweza pia kusema kwenye baraza la madiwani, au kwenye bodi ya barabara ya mkoa, ambako yeye ni mjumbe.

Halafu kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, afisa mipango wa halmashauri ndiye katibu. Mfuko huu ni wa kuchochea, yaani unakuta wananchi wameshaanza. Boma la darasa limefika lenta, mfuko unaleta bati. Usiombe kivuko kizima humo, ni kupoteza barua. Omba saruji ya kujengea kingo kama mawe na mchanga mmeshakusanya, na nakala ya ombi hilo impelekee afisa mipango.

Wapi pa kupeleka: Ofisi ya Bunge ni S.L.P. 941, Dodoma, na barua itafika. Lakini ofisi ya mbunge jimboni, ambayo mara nyingi iko ndani ya eneo la mkuu wa wilaya, ni bora zaidi, kwa sababu katibu wake ndiye anayepanga ratiba ya ziara. Watu wa Dodoma tuna ugonjwa wa kudhani kwa kuwa Bunge tunaliona barabarani basi mambo yetu yako karibu. Geti ni lilelile kwa wote.

Kwa wanaosoma uzi huu mkiwa ndani ya jiji: Jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa 2025, likazaliwa Jimbo la Mtumba. Hakikisha kata yako iko upande gani kabla hujaandika jina kwenye bahasha.

mtama_mweupe

Wakuu nimekaa nayo tangu jana. Barabara nimeulizia, imo kwenye mtandao kama barabara ya mlisho. Korongo tumelipima leo asubuhi. Rasimu hii, naomba muipasue:

"Kumb. Na. ........
Tarehe ........

Mhe. Diwani,
Kata ya ........
K.K. Afisa Mtendaji wa Kata

YAH: OMBI LA KIVUKO KINACHOPITIKA MAJIRA YOTE, KORONGO LA ........, BARABARA YA ........

Mkutano Mkuu wa Kijiji wa tarehe ........ uliazimia kuomba kivuko katika eneo tajwa. Muhtasari umeambatishwa.

Barabara hii ni ya mlisho na imo kwenye mtandao wa TARURA. Panapokatiza barabara, korongo lina upana wa mita 11.4 na kina cha mita 2.3 katikati. Alama ya maji ya msimu uliopita iko mita 1.6 kutoka chini. Ukingo wa ng'ambo unaendelea kukatika. Ng'ambo kuna kaya 214 na wanafunzi 63. Shule na zahanati viko upande wa pili. Kwa mujibu wa rejesta ya shule, wanafunzi hao walikosa masomo siku 17 kati ya Januari na Machi mwaka huu kwa sababu ya maji.

Tunaomba jambo moja: kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kiweke kivuko hiki kuwa kipaumbele cha kwanza cha barabara katika kata kwa bajeti ya mwaka wa fedha ujao, na azimio hilo lifikishwe kwa Meneja wa TARURA wa wilaya kabla ya baraza la bajeti.

Kijiji kitachangia mawe tripu 20 za lori.

Tunaomba kujulishwa uamuzi wa kikao mapema iwezekanavyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenyekiti wa Kijiji / Afisa Mtendaji wa Kijiji

Viambatisho: muhtasari na mahudhurio, picha 4 na namba za ramani, barua ya mwalimu mkuu.
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Meneja wa TARURA (W), Rais, Waziri Mkuu, Waziri wa TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, TAKUKURU."

Masijala

Nzuri. Ni ukurasa mmoja na inasomeka ukiwa umesimama. Ila nakala zipunguze zibaki mbili za kwanza. TAKUKURU, watu wa kupambana na rushwa, wanatafuta nini kwenye korongo? Nakala nane kwenye barua ya kwanza zinamwambia diwani kwamba mmeshamshitaki kabla hajasoma, na kila aliyepata nakala ataamini wale saba wengine wanalishughulikia. Ngazi za juu ziwekeni akiba kwa ajili ya kumbusho la pili.

"Mapema iwezekanavyo" ifute. Andika "ndani ya siku 30 tangu barua hii ipokelewe". Siku 30 zikipita, kumbusho liwe nusu ukurasa: rejea barua yetu Kumb. Na. fulani ya tarehe fulani, iliyopokelewa tarehe fulani, nakala yenye muhuri imeambatishwa, bado tunasubiri uamuzi. Basi, bila kuongeza hasira wala ombi jipya.

"Wako katika ujenzi wa Taifa" iache, haimdhuru mtu.

tepu_mita30

Ukingo "unaendelea kukatika" siyo kipimo. Pigilia kigingi mita 5 kutoka ukingoni leo, andika tarehe, upime tena Aprili. Kwa sasa sema tu "umekatika" na picha ioneshe.

Tripu 20 ni za lori gani? Tipa ya tani 7 na ya tani 20 ni vitu viwili. Andika kwa meta za ujazo, au taja lori.

bi_nzuguni

Na hizo tripu 20 ziwe kwenye azimio la mkutano mkuu. Mwenyekiti asiahidi mawe ambayo watu hawajakubali kuyabeba, kwa sababu mhandisi akija na kukuta hakuna jiwe, ndiyo mwisho wa jambo.

Siku 17: ni siku ambazo wanafunzi wote 63 walikosa, au baadhi? Mwalimu mkuu akiulizwa akajibu tofauti na barua, hata zile mita zenu zitatiliwa shaka. Kama ni baadhi, andika "angalau wanafunzi 40 kati ya 63", au namba yoyote atakayoithibitisha yeye.

mtama_mweupe

Ni baadhi. Nitarudi kwa mwalimu kesho. Mkutano mkuu umepangwa Jumamosi ya wiki ijayo, tangazo limeshabandikwa. Naweka tarehe ya leo kwenye barua ili nisisahau?

bi_nzuguni

Hapana. Acha wazi. Barua inayorejea muhtasari haiwezi kuwa na tarehe ya kabla ya mkutano wenyewe. Mtendaji wa kata ataliona hilo kabla hajasoma kingine chochote, na atairudisha.